Kamati Iliyovunjwa Jumanne

Jumatatu, 11 Machi

Mdogo wangu Wakili,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Simu yangu wameichukua polisi, wanasema ni kielelezo, na ya jirani sitaki kuiazima, maana anachokisikia asubuhi, mchana kiko sokoni. Basi tuandikiane kama ulipokuwa shule ya bweni, ila safari hii usiniombe sukari.

Najua umesikia redioni. Nataka uyasikie na kwangu. Ijumaa ile ya mvua kubwa, mchana kweupe, umeme ulikatika. Wodi ya watoto njiti nilikuwa peke yangu, mwenzangu ameitwa chumba cha upasuaji. Kengele ya dharura haikulia, kwa sababu nayo inatumia umeme. Tumezoea kusubiri kidogo, jenereta huwa inakohoa halafu inawaka. Siku hiyo haikukohoa. Nikampigia fundi, simu inaita tu.

Ndani ya mashine za joto kulikuwa na watoto wanne, na wale dhaifu zaidi walikuwa wanasaidiwa kupumua. Mama mzazi aliyekuwepo alikuwa mmoja tu, tunamwita Mama Pacha, amemlaza pacha mmoja kifuani. Pacha wa pili ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Nikamchukua mtoto wa mama mwingine aliyekuwa anapumua mwenyewe, nikamweka naye kifuani kwa Mama Pacha, nikamfunika. Wale wengine nikawapulizia hewa kwa puto la mkono, huyu, halafu huyu, halafu huyu. Mdogo wangu, mikono ni miwili. Nikaona rangi zinabadilika. Nikamwambia Mama Pacha asiwaachie hao wawili, nikatoka mbio kwenda kwenye banda la jenereta.

Banda lilikuwa limefungwa. Fundi alikuwa ametoka na dumu kutafuta dizeli, tangi lilikuwa kavu. Nilikuwa nimelisema hilo mwezi mzima, kwa mdomo na kwa maandishi. Niliporudi, wote watatu walikuwa wameshakwenda, yule pacha akiwa mmoja wao.

Daktari mkuu ameandika kwamba niliacha wodi bila msimamizi. Ni kweli niliondoka. Nimesimamishwa kazi. Baraza la Wauguzi wameniandikia kwamba wanaweza kunifuta kwenye orodha yao. Redio nayo inasema Rais ameunda Kamati ya Uchunguzi chini ya jaji mstaafu. Na muuguzi mwenzangu ananiambia niende Tume ya Haki. Baraza, Kamati, Tume. Kwangu mimi yote ni serikali, mtu mmoja anabadilisha kofia. Wewe mkate wako ni kuandika sheria. Nieleze kama unavyomweleza Mama: niende wapi?

Dada yako


Jumanne, 19 Machi

Dada yangu,

Pole. Nimeandika neno hilo nikalitazama, nikaona ni dogo, lakini sina lingine.

Nitakujibu ulichouliza. Hawa watatu si mtu mmoja mwenye kofia tatu. Tofauti yao ni nani aliyewazaa, na kwa hiyo nani anaweza kuwaondoa.

Tume ya Haki imeandikwa ndani ya Katiba yenyewe. Ni kama mtoto wa nyumba. Baba anaweza kumnunia, anaweza kumpa chakula kidogo, na kweli Tume inapewa kidogo sana, lakini hawezi kuamka asubuhi akamwambia wewe si wa humu. Kuiondoa mpaka Katiba ibadilishwe.

Baraza la Wauguzi limeundwa na sheria ya Bunge. Hilo ni kama mke. Aliingia kwa taratibu, na akitoka lazima wazee wakae. Baraza haliwezi kufanya kitu ambacho sheria yake haikulipa, na haliwezi kuacha kufanya kile ambacho sheria imeliagiza. Kwa mfano, haliwezi kukufuta bila kukuita na kukusikiliza.

Kamati imeundwa kwa amri ya Rais. Hiyo ni mgeni wa baba mwenye nyumba. Anakula nyama kuliko wote, anakalia kiti kizuri, kila mtu anamwita mheshimiwa. Lakini baba akipiga miayo tu, mgeni anajua kuaga.

Sisemi Kamati ni mbaya. Jaji huyo namfahamu kwa kazi zake, ni mtu mnyoofu. Nenda, useme yote. Ila nakusihi upeleke malalamiko Tume pia, na barua ya Baraza usiiache kabatini. Tume itakuchosha, nakwambia mapema. Nenda hivyo hivyo.

Msalimie Mama. Mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Wakili


Jumanne, 2 Aprili

Wakili,

Mfano wako wa mke nimeusoma mara mbili. Mimi nilitoka kwenye ndoa yangu kwa ujumbe wa simu, wala hakuna mzee aliyekaa. Tafuta mfano mwingine.

Kamati wamekuja. Magari yamejaza uwanja wa hospitali, na nyasi zilikatwa usiku kucha ili wasizione zilivyokuwa. Walikaa kwenye ukumbi wa mikutano. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake Jaji alisimama nilipoingia, mzee wa watu, akanivutia kiti mwenyewe, akaniuliza kama nimekula. Sijaulizwa hivyo tangu siku ile. Nilisema yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye banda la jenereta alivua miwani akafuta macho, na sidhani kama ilikuwa vumbi.

Kisha wakamwita Mama Pacha. Tangu mazishi tulikutana mara moja tu, nje ya duka la dawa, akatema mate chini karibu na miguu yangu. Sikukuambia. Sasa nikabaki nimekaa kule nyuma nasubiri anizike. Aliwaambia niliondoka. Halafu akawaambia niliondoka mbio, viatu mkononi kwa sababu sakafu ilikuwa na maji, na kwamba kabla ya hapo nilipulizia hewa mpaka jasho likawa linadondoka juu ya watoto. Alisema vilevile alivyoviona, bila kunipaka mafuta wala kunipaka matope. Akaondoka bila kunitazama.

Tume nilikwenda, ili usiseme sikwenda. Ni ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Dada wa mapokezi alikuwa anaandika kwa kalamu ya risasi. Akaniambia mpelelezi wa ukanda huu ni mmoja, na yuko safarini, nirudi. Sikurudi. Kwa nini nirudi, wakati Jaji mzima ameshanisikia?

Ila wewe uko hukohuko kwa wakubwa. Mpitie Jaji, mwambie wewe ni ndugu yangu, umwombe tu asichelewe na ripoti. Baraza wamesema watanisikiliza katikati ya mwaka. Ripoti ya Jaji ikitoka kabla, mambo yamekwisha.

Dada yako


Jumatatu, 15 Aprili

Dada,

Siwezi kumwendea Jaji. Tafadhali usiniombe tena, na usiniulize.

Rudi Tume. Mpelelezi akiwa safarini, acha maelezo yako kwa maandishi, wakugongee muhuri wa kupokea. Usitegemee mlango mmoja.

Kazini kuna shughuli nyingi. Nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Wakili


Jumanne, 23 Aprili

Kwa Mheshimiwa Wakili,

Nimepata barua yako fupi kama risiti.

Nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Nilipoanza kazi, mshahara wangu ulipita kwanza shuleni kwako, halafu ndio ukaja nyumbani. Sikuhesabii, ila leo nimeomba neno moja kwa mtu mmoja, unanijibu una shughuli nyingi. Mama amesikia nikisoma, akauliza kama mwanawe bado ni wa kwetu au amekuwa wa serikali.

Kama unaogopa kiti chako, sema unaogopa. Woga si dhambi. Lakini usinifundishe milango wakati wewe umeshika ufunguo.

Huku tumehama nyumba ya hospitali. Walitupa muda mfupi. Tuko chumba cha uani kwa binti wa shangazi, redio ya Mama ndiyo imechukua nusu ya meza.

Dada


Jumatano, 15 Mei

Dada,

Bila shaka redio ya Mama imekwisha kuwaambia. Jana Jumanne Kamati imevunjwa. Tangazo lilikuwa la sentensi mbili: Mheshimiwa Rais anawashukuru wajumbe kwa kazi nzuri, na mambo yaliyobaki yatashughulikiwa na wizara. Ripoti ilikuwa imebaki kuwekwa sahihi.

Utauliza kama wanaruhusiwa. Wanaruhusiwa. Aliyeiunda kwa karatasi ameiondoa kwa karatasi. Hakuna sheria iliyovunjwa, na hilo ndilo linaloniuma. Kama kungekuwa na sheria iliyovunjwa ningejua pa kuanzia.

Ushahidi wote umefungwa wizarani. Mali ya aliyeagiza. Hata Jaji haruhusiwi kuutoa.

Najua umenikasirikia. Nimechoka, Dada, hata kujitetea nashindwa. Barua ya Baraza bado unayo?

Wakili


Jumatatu, 20 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Mdogo wako hajui kama naandika. Akijua atanuna siku mbili, halafu ataomba chai, kwa hiyo haidhuru.

Nimesoma barua zako. Aliziacha kwenye mfuko wa shati na mimi ndiye nafua. Ile ya "Mheshimiwa Wakili" aliisoma amesimama jikoni, akaikunja, akaenda kukaa kwenye choo muda mrefu. Nikaona ninyi wawili mtakufa na heshima zenu, mkiachana hivihivi.

Hukumwelewa, wifi, na si kosa lako, kwa sababu alikuficha. Kamati ilipoundwa walimteua yeye kuwa katibu wake. Ni kazi ambayo wenzake waliitamani: gari, posho, kukaa mkono wa kulia wa Jaji. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mkubwa wake akamwambia, muuguzi anayechunguzwa ni dada yangu, nitoeni. Alidhani watamtoa kwenye Kamati tu. Wakamtoa na kwenye meza yake. Tangu Machi anakaa chumba kimoja na mafaili ya zamani, hapewi kazi. Anavaa tai kila asubuhi, anakwenda kukaa, anarudi. Nilimuuliza anafanya nini kutwa, akasema anasoma. Anasoma sheria ya Baraza la Wauguzi, wifi. Anaisoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Mkubwa wake alimwonya kwamba akionekana karibu na Jaji, watasema alikuwa anampangia ushahidi, na jina lako litachafuka pamoja na lake. Ndiyo maana alikuandikia ile risiti. Angekueleza, ungejilaumu. Hayo ni maneno yake, mimi nilimwambia huyo dada yako ni mtu mzima.

Nimesema. Sasa nina madaftari ya darasa la sita ya kusahihisha, na wote wameandika insha juu ya ng'ombe.

Wifi yako


Jumanne, 28 Mei

Mdogo wangu,

Usimgombeze mkeo. Amefanya kazi ambayo sisi watoto wa Mama tumeshindwa.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nitakuandikia moja: nisamehe. Na wewe usinifiche tena mambo kwa kunionea huruma. Huruma ya namna hiyo inafanana sana na dharau, mtu akiitazama kwa mbali.

Sasa na mimi nikwambie nililolificha. Kamati ilipovunjwa niliamua nisiende Baraza. Wanifute. Nilishaanza kuulizia kazi kwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nimechoka, Wakili, si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nimesimulia kifo cha watoto wale kwa polisi, nikasimulia kwa daktari mkuu, nikasimulia kwa Jaji. Kila nikisimulia, wanakufa tena, na kila mara mtu anaandika, anafunga faili, anaondoka.

Baada ya barua ya wifi nilipanda ile ghorofa ya tatu. Mpelelezi alikuwepo. Ni mama wa makamo, miguu imevimba, amevua viatu chini ya meza. Hakunivutia kiti. Alisoma maelezo yangu yote, akaniuliza jambo ambalo Jaji hakuniuliza: nani alikuwa anatia sahihi ya kununua dizeli? Nikamjibu. Akaniambia atamwita huyo mtu na fundi. Nikamuuliza, wakikataa kuja? Akasema Kamati ilikuwa inaalika, yeye anaita. Asiyekuja anakwenda kujieleza mahakamani. Nikamuuliza tena, kwa sababu nimeungua, je, wakiamua kuwavunja na ninyi? Akacheka kidogo. "Wangeweza, wangeshatuvunja zamani. Wanachoweza ni kutunyima mafuta ya gari." Na kweli, alikuja kwetu kwa basi.

Ila Mama Pacha amekataa. Mpelelezi alimkuta anafua, akamsikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alimwambia, "Nimeshasema mara moja, maneno yangu wameyafungia kabatini. Sina mengine." Mpelelezi hakumlazimisha. Mimi pia sitakwenda kumwomba. Mtu aliyezika hadaiwi ushahidi.

Baraza ni mwezi wa saba. Nitakwenda, hata kama ni kusimama tu.

Dada yako


Alhamisi, 6 Juni

Dada,

Tumesameheana, tusirudie, nisije nikaanza kulia ofisini na hapa hata leso hawanigawii.

Sheria ya Baraza ina kifungu kinachosema muuguzi anayeshtakiwa anaweza kufuatana na mtu yeyote anayemwamini. Haikusema lazima awe wakili wa kujitegemea. Haikusema asiwe mtumishi wa serikali. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Kikao kiwe cha wazi, na yeyote mwenye la kusema asikilizwe. Hata waziri hawezi kuufunga ule mlango, kwa sababu si yeye aliyeufungua.

Nimemwambia mkubwa wangu naomba likizo. Ameniuliza naenda wapi. Nimemwambia naenda kwa dada yangu. Akanitazama, akasema nifikirie watoto. Nikamjibu nimewafikiria.

Nakuja. Nitalala sakafuni, Mama asihamishwe.

Wakili


Ijumaa, 12 Julai

Mama Watoto,

Kwenye simu jana nilikwambia yamekwisha salama nikakata, kwa sababu Dada alikuwa karibu na sikutaka asikie sauti yangu. Sasa wamelala, yeye na Mama, nami nimekaa kizingitini. Niliahidi nitakueleza yote.

Wajumbe wa Baraza walikuwa wanawake wanne na mwanamume mmoja, wote wauguzi wa zamani. Mwenyekiti ni bibi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wodi. Hospitali ilileta wakili kijana, suti nzuri. Alieleza shtaka kwa ufupi, na nikiwa kazini ningemsifu. Muuguzi hapaswi kuacha wodi bila kukabidhi. Muuguzi huyu aliacha. Watoto walikufa akiwa nje. Akakaa.

Dada alikubali kwamba aliondoka. Nilikuwa nimemwandalia namna ya kulisema kwa mzunguko, akakataa. Kisha akaja fundi wa jenereta. Alikuwa ameshaitwa na Tume na kusema kule, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi nyuma. Akasema tangi lilikuwa tupu, na dizeli ilikuwa imekwenda kwenye magari ya wageni wa ufunguzi wa jengo jipya. Aliyetoa idhini ni daktari mkuu. Lakini kijana wa suti alisimama akasema, na nilijua atasema, hilo ni kosa la mwingine, halifuti kosa la huyu. Swali la Baraza ni moja tu, kama aliondoka. Nikaona vichwa vya wajumbe vinainama kuandika, nikajua tumeshindwa. Sheria niliyoitegemea ndiyo ilikuwa inatubana.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema. Akasimama mwanamke nyuma kabisa, ana mtoto mgongoni. Sikuwahi kumwona, lakini nilihisi Dada akishika ukingo wa kiti.

Mwenyekiti akamuuliza kama muuguzi aliondoka.

"Aliondoka."

"Kwa muda gani?"

"Muda wa mwanangu kufa."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akamuuliza kwa upole kama anamlaumu.

"Namlaumu," alisema. "Kila siku namlaumu, na kesho nitamlaumu. Lakini nami nilikuwa mle ndani, ninyi hamkuwepo. Angekaa, angewatazama wote wanakwenda, yeye akiwa kwenye kiti chake. Na ninyi msingemwita hapa."

Akamrekebisha mtoto mgongoni akatoka. Hakungoja hukumu. Dada alitaka kumfuata, nikamshika mkono.

Baraza lilitoka likarudi. Wamempa onyo la maandishi kwa kutokabidhi wodi. Hawakumfuta. Na wameandika, kwa maneno ambayo mwenyekiti aliyasoma polepole, kwamba hakukuwa na mtu wa kumkabidhi. Kijana wa suti aliuliza, sasa onyo la nini? Mwenyekiti akasema sheria ni sheria, na yeye hakuitunga.

Nilidhani nitafurahi. Tulirudi kwa miguu, Dada na mimi. Mama akauliza, "Wamekuua?" Dada akasema hapana. Mama akasema basi nileni, chakula kinapoa.

Kesho narudi. Kuna barua imenitangulia ofisini, nimedokezwa na mwenzangu, ni ya uhamisho. Usiogope. Tuliwahi kuishi kwa mshahara wako peke yake, na wewe ndiye uliyekuwa unaniambia nisiogope.

Mumeo


Jumapili, 22 Septemba

Mdogo wangu Wakili,

Wifi ameniambia wamekupeleka maktaba ya wizara, na kwamba umeanza kuwapanga watu kwa foleni kama ni benki. Nimecheka mpaka Mama akaniuliza nini. Nimecheka, ingawa kiti ulichopoteza nakijua bei yake, hata kama umenikataza kuitaja.

Taarifa ya Tume imefika Bungeni. Mpelelezi alinipigia, simu yangu wamerudisha, kioo kimepasuka. Amesema wabunge waliokuwemo ukumbini walikuwa wachache na mmoja alikuwa anasinzia. Yaliyoandikwa ni mapendekezo, hayamlazimishi mtu. Lakini majina ya watoto watatu yamesomwa kwa sauti na yameingia kwenye kumbukumbu, na tangazo la sentensi mbili halitayatoa. Daktari mkuu amehamishwa. Si kufukuzwa, kuhamishwa. Tangi la dizeli sasa lina kipimo kwa nje, na funguo za banda ziko mbili. Nilimuuliza mpelelezi kama hayo ndiyo yote. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyevua viatu, kwamba kwa kazi yake hayo ni mengi.

Jumatatu iliyopita nilirudi kazini. Wamenirudisha palepale, wodi ya njiti. Barua ya Baraza niliiweka kwenye mkoba, sijui nilidhani nitamwonyesha nani.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, mtoto wake wa kwanza, mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja. Alikuwa amemshika kifuani tangu asubuhi. Nilipomsogelea kumpima joto, akageuka akanipa mgongo. Alikuwa ameshaambiwa mimi ni nani. Hakunitukana, aligeuka tu, kama unavyokinga taa isizimwe na upepo. Mwenzangu akataka kumkemea, nikamzuia.

Nilifikiria masomo yako. Katiba haimlazimishi, sheria ya Bunge haimlazimishi, hata Rais akiamuru, mama hakukabidhi mtoto. Nikaendelea na wengine. Nikabadilisha mashuka, nikaandika joto, nikaangalia mashine. Kila nikipita nilipita mbali naye kidogo. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu.

Alhamisi, karibu na zamu yangu kwisha, nilikuwa nanawa mikono. Nikamsikia nyuma yangu, anaongea taratibu, bado hanitazami usoni.

"Nesi. Mshike kidogo, nikaoge."

Nikakausha mikono, nikamshika. Zamu yangu iliisha, mwenzangu akaja, nikamwambia asubiri. Miguu ilikuwa inaniuma na sikukaa, nilisimama pale katikati ya wodi mpaka mama yake aliporudi, nikamkabidhi.

Dada yako